Umerudi nyumbani, gavana ameondoka: tunapiga kura lini?

Waliokaa Marekani miaka mingi wakarudi Kenya huuliza swali hilohilo kila kiti cha gavana kinapotikisika: uchaguzi ni lini? Wengi tulipoondoka hapakuwa na magavana, palikuwa na wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya walioteuliwa kutoka Nairobi. Magavana wa kwanza walichaguliwa Machi 2013. Kwa hiyo picha tuliyo nayo kichwani ya gavana anayejiuzulu katikati ya muhula ni ya huko tulikotoka, na ndiyo inayotupoteza. Jibu la hapa ni kwamba, mara nyingi, hutapiga kura yoyote hadi Agosti ya uchaguzi mkuu. Na ikitokea kura ipigwe, itakuja mbio kiasi kwamba asiyekuwa tayari siku kiti kilipobaki wazi ameshachelewa.

Tuanze na West Virginia, kwa sababu hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mambo yanavyokwenda huko. Seneta Robert Byrd alifariki Juni 2010. Gavana Joe Manchin aligombea kiti chake, akashinda Novemba mwaka huohuo, na tarehe 15 Novemba 2010 akaacha ugavana ili aapishwe Washington. Jimbo lile halina naibu gavana anayechaguliwa na wananchi. Katiba yake inasema rais wa Seneti ya jimbo ndiye atakayekaimu, na kwamba kiti kikibaki wazi kabla miaka 3 ya kwanza ya muhula haijaisha, lazima uchaguzi mpya ufanywe. Muhula wa pili wa Manchin ulianza Januari 2009, kwa hiyo miaka 3 ilikuwa bado sana. Rais wa Seneti, Earl Ray Tomblin, akashika usukani.

Ugumu ulikuwa kwenye neno moja: lini. Katiba ilitaka uchaguzi lakini haikutaja siku, na sheria ya jimbo ilikuwa imeandikwa kwa namna iliyowafanya baadhi ya viongozi waisome kuwa kaimu atakaa hadi uchaguzi mkuu wa Novemba 2012. Miaka miwili ya kukaimu! Wananchi wakaenda mahakamani, na Januari 2011 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kuwa uchaguzi ufanywe ndani ya mwaka mmoja tangu kiti kilipobaki wazi, yaani kabla ya 15 Novemba 2011. Bunge la jimbo likapanga mchujo wa vyama Jumamosi ya 14 Mei 2011, na uchaguzi wenyewe 4 Oktoba 2011. Tomblin alimshinda Bill Maloney kwa karibu asilimia 49.5 dhidi ya 47. Alichoshinda ni kipande tu cha muhula. Mwaka uliofuata ilibidi arudi tena kwenye mchujo na uchaguzi mkuu, akakutana na Maloney yuleyule, akamshinda tena. Kiti kimoja kilipigiwa kura mara nne katika miezi 18.

Jambo jingine la West Virginia linafaa kukumbukwa na aliyerudi: kule daftari la wapigakura hufungwa siku 21 kabla ya uchaguzi. Mtu aliyekuwa hajajiandikisha Manchin alipoondoka alikuwa na karibu mwaka mzima wa kujiandikisha. Tutarudi hapo.

Majimbo mengine yana utaratibu wake. Utah, Jon Huntsman alipojiuzulu Agosti 2009 kwenda kuwa balozi China, naibu wake Gary Herbert alirithi, kisha uchaguzi maalum ukafanywa Novemba 2010 kwa miaka miwili iliyobaki. Alaska, Sarah Palin alipoondoka Julai 2009, naibu Sean Parnell alirithi muhula uliobaki bila kura yoyote. New Jersey ndiyo inayofundisha zaidi kuhusu tarehe. Jim McGreevey alitangaza 12 Agosti 2004 kuwa ataondoka, lakini akaweka siku ya kuondoka 15 Novemba. Sheria ya wakati ule ilidai uchaguzi maalum uingizwe kwenye kura ya Novemba iwapo kiti kingebaki wazi zaidi ya siku 60 kabla ya siku hiyo. Kwa kuchagua tarehe ile, mlango ukafungwa, na rais wa Seneti Richard Codey akakaimu hadi Januari 2006. Wananchi walichukizwa na mtu mmoja kushika bunge na serikali kwa pamoja, na mwaka 2005 wakabadilisha katiba yao wapate naibu gavana, ambaye alichaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009.

Sasa nyumbani. Fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 182. Kiti cha gavana hubaki wazi akifa, akijiuzulu kwa barua anayomwandikia spika wa bunge la kaunti, akipoteza sifa za kuchaguliwa, akihukumiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha miezi 12 au zaidi, au akiondolewa kwa utaratibu wa Katiba. Barua haiendi kwa Rais wala kwa tume ya uchaguzi. Huko Marekani gavana hutangaza mbele ya kamera miezi kabla, na hapa pia anaweza kutangaza apendavyo, ila tangazo si kujiuzulu. Muulize spika kama ana barua mkononi.

Kiti kikishabaki wazi, naibu gavana hushika hadi mwisho wa muhula. Hakuna uchaguzi mdogo. Nyeri alipofariki Wahome Gakuru Novemba 2017, Mutahi Kahiga alirithi. Bomet alipofariki Joyce Laboso Julai 2019, Hillary Barchok alirithi. Kiambu na Wajir magavana walipotimuliwa na Seneti ilikuwa vivyo hivyo, na Meru mwaka 2025 Isaac Mutuma akachukua nafasi ya Kawira Mwangaza. Kifungu cha 180 kinasema wazi kuwa naibu hafanyiwi uchaguzi wake: mgombea humteua, na akishinda tume humtangaza naibu pamoja naye. Kwa hiyo ile kura ambayo Marekani ungeipiga baada ya gavana kujiuzulu, hapa unaipiga mapema, siku ya uchaguzi mkuu, ukimchagua gavana pamoja na mgombea mwenza wake. Aliyerudi akasoma sera za mgombea bila kuuliza mwenzake ni nani, amepiga nusu ya kura.

Kuna hesabu ndogo watu huiruka. Naibu anayerithi kiti ikiwa imebaki zaidi ya miaka miwili na nusu kufika uchaguzi mkuu, huhesabiwa amemaliza muhula mzima, na mihula ni miwili tu. Barchok aliapishwa Agosti 2019, ikiwa imebaki miaka mitatu: muhula mzima huo. Mutuma aliapishwa Machi 2025, na uchaguzi mkuu ni 10 Agosti 2027: haujafika miaka miwili na nusu, kwa hiyo hauhesabiwi. Tarehe ya barua au ya kutimuliwa, basi, inagusa hata nani atakuwa kwenye karatasi ya kura miaka minane baadaye.

Ukiacha mahakama kufuta ushindi wa gavana, uchaguzi mdogo wa gavana huja katika hali moja tu: gavana hayupo, na naibu naye hayupo au hawezi kushika. Hapo spika wa kaunti hukaimu, na uchaguzi lazima ufanywe ndani ya siku 60 tangu aingie ofisini. Nairobi ilifika hapo. Polycarp Igathe alijiuzulu unaibu Januari 2018 na kiti chake kikakaa miaka bila mtu. Mike Sonko alipotimuliwa na Seneti 17 Desemba 2020, spika Benson Mutura akaapishwa kaimu 21 Desemba, na IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ikatangaza uchaguzi mdogo wa 18 Februari 2021. Lakini Sonko alikuwa amependekeza jina la Anne Kananu kuwa naibu tangu Januari 2020, na uteuzi huo ulikuwa umekwama mahakamani. Mahakama ikasimamisha uchaguzi, bunge la kaunti likampiga msasa Kananu 15 Januari 2021, akaapishwa naibu siku hiyohiyo. Novemba 2021 akaapishwa kuwa gavana. Kaunti yenye wapigakura zaidi ya milioni 2 ikapata gavana ambaye hakuwa kwenye karatasi yoyote ya kura, wala kama mgombea wala kama mwenza. Kwetu hilo ni pengo kubwa, na halitazibwa kwa kulalamika baada ya kutokea. Huzibwa kwa kumbana gavana naibu anapojiuzulu: Mahakama ya Juu ilishatoa ushauri kuwa gavana apendekeze jina ndani ya siku 14 na bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60. Siku ya 15 ikipita kimya, mwakilishi wadi wako aulizwe.

Turudi kwenye daftari, maana hapa ndipo aliyerudi huumia zaidi. Uandikishaji wa wapigakura Kenya ni wa kudumu, lakini husimama kiti kinapotangazwa kuwa wazi hadi uchaguzi mdogo upite. Hakuna siku 21 za West Virginia. Ukisubiri kusikia redioni kwamba kuna uchaguzi mdogo ndipo uende ofisi ya IEBC ya eneo bunge, utaambiwa daftari limefungwa, na watakuwa sahihi.

Waliojiandikisha ubalozini wana tatizo la ziada. Mkenya wa ughaibuni hupigia kura rais, na kura ya maoni ikiwepo. Jina lako lililo kwenye kituo cha ughaibuni haliko kwenye daftari la kaunti yoyote, hata kama shamba, nyumba na wazazi wako wote wako hapo. Omba uhamisho mapema. Halafu angalia hati. Kituoni unatakiwa uwe na hati ileile uliyojiandikishia, na wengi wa ughaibuni walitumia pasipoti. Pasipoti mpya huja na namba mpya, daftarini imebaki ya zamani. Uendapo kuhamisha kituo, beba zote mbili pamoja na kitambulisho, na usiondoke bila kukagua namba iliyoandikwa kwenye skrini.

Waliochukua uraia wa Marekani kabla ya 27 Agosti 2010 waanze nyuma zaidi. Wakati ule sheria haikuruhusu uraia pacha, kwa hiyo uraia wa Kenya ulikatika. Katiba mpya inakupa haki ya kuurudisha ukiwa ulikuwa raia kwa kuzaliwa, ila lazima uombe Idara ya Uhamiaji, haurudi wenyewe. Ukishaupata ndipo uende kutafuta kitambulisho, na kitambulisho ndicho kinachokufikisha kwenye daftari.

Anayefikiria kugombea ajue kuwa siku 60 hazimtoshi kurekebisha chochote. Gavana na naibu wake hawaruhusiwi kuwa na uraia pacha, na kuukana wa Marekani ni kiapo mbele ya afisa wa ubalozi, kisha kungoja cheti kwa miezi. Katiba pia inataka uwe umekuwa raia wa Kenya miaka 10 mfululizo kabla ya uchaguzi, kwa hiyo aliyerudisha uraia juzi bado. Shahada ya chuo kikuu ni lazima, na ya nje itambuliwe hapa kwanza. Na mtego ambao hata wanasiasa wakongwe huusahau: mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Miezi mitatu ni mirefu kuliko siku 60. Aliyekuwa na jina chamani siku kiti kilipobaki wazi, hawezi kuwa mgombea huru kwenye uchaguzi mdogo huo. Wapo walioandikishwa vyamani bila kujua. Kagua jina lako kwa Msajili wa Vyama kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ukijikuta umo bila idhini yako, jitoe leo.

Hata siku 60 zenyewe zinahitaji tume iliyopo. Kuanzia mapema 2023 makamishna walipoondoka hadi Julai 2025 IEBC haikuwa na makamishna wa kuiendesha, na hakuna uchaguzi mdogo wowote uliofanyika. Mbunge wa Banissa alifariki Machi 2023, na watu wake walipiga kura 27 Novemba 2025. Kiti cha gavana kingebaki wazi bila naibu katika kipindi hicho, spika angekaimu bila mwisho unaojulikana.

Siku ya kura ikifika, vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Kura za gavana huhesabiwa palepale kituoni na kuandikwa kwenye Fomu 37A, ambayo nakala yake hubandikwa mlangoni. Hizo hujumlishwa kwenye 37B ya eneo bunge, kisha 37C ya kaunti nzima. Piga picha ya 37A jioni ileile, karatasi nzima, na saini za mawakala na muhuri vionekane, kwa sababu asubuhi mara nyingi imeshachanika au kulowa. Jumla yake ikitofautiana na ile ya 37B, una siku 28 tangu matokeo yatangazwe kufungua kesi Mahakama Kuu.