Bustani ya Vigae Nyuma ya Lango la Kijani, South B

Ukishuka matatu kwenye maduka ya South B na kuingia mitaa ya ndani, hutaona dalili yoyote ya bustani hii. Utapita malango ya chuma yanayofanana, kuta za mawe zilizopandwa vipande vya chupa juu ili kuzuia wezi, na vibanda vya mama mboga, kisha utafika mbele ya lango la kijani lisilo na bango wala jina. Nyuma yake kuna uwanja usiozidi nafasi ya kuegesha magari manne, na karibu kila mahali pasipo na mmea pamefunikwa kwa vigae, kaure na kioo, kipande kwa kipande, kazi ya zaidi ya miaka ishirini. Wenyeji ni mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa kuweka vigae pamoja na mkewe. Kwa ombi lao sitataja majina yao wala nambari ya nyumba. Mgeni huingia kwa kujulishwa na mtu wanayemfahamu, nami nilijulishwa na mwalimu mwenzangu ambaye ni jirani yao.

Watu wengi wakiona kazi ya mozaiki husifu kwanza taka: sahani iliyovunjika haikutupwa, chupa haikuishia kwenye jalala la Dandora, mji umepunguziwa uchafu. Sifa hiyo ni ya haki, lakini naiona inaupita ufundi kando bila kuusalimu. Rundo la vigae vilivyovunjika liko nyuma ya kila jengo linalokarabatiwa Nairobi, na halijawahi kugeuka bustani lenyewe. Nilichokiona South B ni ujuzi wa mtu aliyeijua kazi yake maisha yake yote, na ujuzi huo unaanzia mahali ambapo mgeni hapaoni, yaani chini ya nyayo zake.

Upande wa mashariki na wa kusini wa Nairobi umekalia ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kila fundi wa ujenzi anauogopa. Mvua za masika zikinyesha huvimba, na jua la Januari likikaza hunywea na kupasuka nyufa ambazo mtu anaweza kutia mkono. Sakafu ngumu iliyowekwa juu yake bila matayarisho haidumu. Kwa hiyo kabla ya kuweka kigae cha kwanza, mzee aliuchimba udongo huo katika njia zote za kupitia, akashuka hadi usawa wa magoti, akauondoa kabisa, kisha akajaza mawe, kokoto na maramu, akimwagia maji na kushindilia kila tabaka kabla ya kuweka lingine. Juu yake alimwaga zege lenye wavu wa chuma, na zege hilo akaligawa kwa nafasi nyembamba ili kila sehemu iweze kusogea kidogo bila kuivuta iliyo karibu nayo. Nafasi hizo amezificha ndani ya mchoro. Njia kuu imechorwa kama mto wa buluu na kijani unaoanzia langoni hadi kwenye mpera ulio pembeni, na mistari ninayoiita nafasi inaonekana kama mikunjo ya maji. Nilikuwa nimeikanyaga mara kadhaa ndipo mzee akanionyesha kwamba kila mkunjo ni mahali zege lilipokatwa. Tangu hapo sikuweza tena kuitazama sakafu ile kama pambo tupu.

Ukuta wa mashariki ndio moyo wa bustani. Umepangwa kama kanga, kwa shauri la bibi, ambaye alizaliwa Mambrui, pwani ya Kenya, na ndiye mwenye jicho la rangi katika nyumba ile. Pindo linauzunguka ukuta wote kwa vigae vyeusi na vyekundu vilivyokatwa pembetatu. Katikati, kwenye sehemu ya kanga iitwayo mji, kuna mkorosho uliojaa matunda ya manjano. Na chini yake umeachwa utepe mweupe ambapo jina la kanga lingeandikwa. Utepe huo bado ni mtupu, kwa kuwa bibi hajayachagua maneno, na mzee amekubali kwamba uamuzi huo ni wa mkewe peke yake. Mimea pia ni ya bibi: mchaichai, mrehani, mshubiri, na mnanaa ndani ya masufuria ya zamani yaliyovishwa kaure kwa nje.

Nilimwomba mzee anionyeshe jinsi anavyofanya kazi, naye alikubali kwa furaha. Kigae hukivunja kwanza kwa nyundo juu ya kipande cha chuma cha reli, kisha hukikata umbo analolitaka kwa koleo, akikimega kidogo kidogo kutoka ukingoni, kwa sababu anayeuma katikati hukipasua kote. Kingo kali huzisugua kwa jiwe la kunolea, maana wajukuu na watoto wa jirani hupitisha viganja vyao ukutani, na yeye anataka wapitishe. Saruji huitandaza mahali padogo tu, panapoweza kujazwa kabla haijaanza kukauka, na katika miezi ya jua kali hapo ni padogo kuliko sahani ya chakula. Vipande vikishashika huviacha hadi siku ya pili, ndipo hujaza nafasi kati yake kwa saruji laini, hupangusa uso kwa sponji yenye unyevu, na kuufunika kwa magunia yanayolowanishwa kwa siku kadhaa, kwa kuwa saruji inayokaushwa haraka hukosa nguvu.

Kuhusu rangi ya saruji hiyo ya katikati mzee ana msimamo mkali, nami sasa ninakubaliana naye kabisa. Mafundi wengi wa Nairobi hutumia nyeupe kwa sababu ndiyo inayopendwa bafuni. Katika mozaiki, nyeupe huvuta jicho kwenye mistari, na rangi za vigae hufifia kando yake. Yeye hutia rangi ya kijivu iliyokolea, karibu na nyeusi, na matokeo yake ni kwamba manjano ya yale mabibo yanaonekana kuwa na joto ambalo kigae kile kile hakina ukikishika mkononi.

Jambo jingine linahitaji kutazamwa kwa utulivu. Vipande vya kioo vilivyo sehemu ya juu ya ukuta havikulazwa sawasawa. Kila kimoja kimeinamishwa kidogo kwa upande wake, ingawa mtu aliyezoea pima maji anajua jinsi ilivyo rahisi kuvilaza. Mafundi waliopamba kanisa la San Vitale huko Ravenna, Italia, lililowekwa wakfu mwaka 547, walifanya vivyo hivyo ili mwanga uvunjike na kumetameta badala ya kurudi kama kutoka kwenye kioo cha kujitazamia. Mzee hakujifunza hayo Ravenna. Aliyajua kwa kuona kwamba Nairobi, iliyo zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, hupata jua la utosini saa sita mchana, na ukuta uliosimama wima hupata mwanga wake mzuri asubuhi au alasiri tu. Ukuta wake unatazama magharibi. Kuanzia saa kumi jua linaposhuka upande wa Ngong, vipande huanza kuwaka kwa zamu, na mtu akisogea hatua moja huwaka vingine. Nawasihi watakaobahatika kualikwa wasiende asubuhi.

Bibi ndiye aliyenikumbusha kwamba kazi hii si ngeni pwani yetu. Alipokuwa mtoto alikuwa akipita karibu na kaburi la nguzo la Mambrui, ambalo wajenzi wake walipachika bakuli za kaure kutoka China katika nguzo yake. Makaburi na misikiti ya kale ya Waswahili ilipambwa hivyo katika miji mingi, Gedi na Malindi ikiwa miongoni mwao, na hata Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Huko Gedi kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 wa Miladi, na mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Bakuli nyingi za pwani zilishabanduliwa, zikabaki nyayo zake za mviringo kwenye chokaa. Bibi ameweka sahani tano nzima, ambazo hazikuvunjwa, juu ya mlango wa jikoni, na alipozionyesha hakuzungumza juu ya mozaiki za Ulaya hata kidogo. Alizungumza juu ya nyumbani kwao. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nasaba ya kweli ya bustani hii, na wanaoandika kwamba sanaa ya vigae ililetwa Kenya na wageni wa juzi wangefaa kusimama mbele ya nguzo ya Mambrui kwanza.

Hata hivyo wapo ndugu wa mbali. Raymond Isidore, aliyekuwa mfagiaji makaburini katika mji wa Chartres, Ufaransa, alianza mwaka 1938 kuifunika nyumba yake kwa vyombo vilivyovunjika, akaendelea hadi karibu na kifo chake mwaka 1964. Nek Chand, mkaguzi wa barabara huko Chandigarh, India, alianza mwaka 1957 kujenga kwa siri bustani ya mawe na vigae kwenye ardhi ya serikali, na ilipogunduliwa ikaachwa isibomolewe, ikafunguliwa kwa umma mwaka 1976. Karibu nasi zaidi, ng'ambo ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha karakana ya vioo ya Kitengela, ambako njia na sanamu zimevishwa vipande vya rangi. Nairobi ina bahati moja ambayo Chartres haina: hapa maji hayagandi. Vigae vya ukutani hunyonya maji, na katika nchi za baridi maji hayo yakiganda ndani yake hutanuka na kuvipasua, ndiyo sababu huko havifai kuwekwa nje. Kwetu kigae cha bafuni kinaweza kukaa juani na mvuani miaka mingi.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike. Vipande vya bustani hii vina asili, na mzee anaijua. Kahawia ni chupa za bia. Nyekundu iliyokolea ilitoka kwenye masanduku ya vigae vilivyovunjika dukani Industrial Area. Vikombe vyenye maua vilinunuliwa soko la Gikomba vikiwa na nyufa. Lakini sehemu kubwa ilitoka katika nyumba za mawe za Ngara na Parklands, zile zilizojengwa na familia zenye asili ya Kihindi, zenye sakafu za terazo na bafu za rangi ya anga, ambazo zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine ili kupisha majengo marefu ya kupangisha. Katika kona moja ya ukuta alinionyesha kigae cha kijani hafifu chenye mshipa mweupe. "Hiki, mwanangu, nilikiweka mwenyewe nikiwa kijana, ninajifunza kazi chini ya fundi mkuu," alisema. "Waliposema wanabomoa nyumba ile, nilikwenda na gunia." Wabomoaji walimruhusu achukue alichoweza kubeba.

Sijui mahali pengine katika mji huu ambapo sakafu na kuta za nyumba zile zimehifadhiwa na mtu anayeweza kusema kila kipande kilikuwa chumba gani. Tuna picha za mbele ya nyumba, tuna ramani na hati za viwanja. Bafu na jikoni hakuna aliyezipiga picha, kwa sababu hazikuonekana kuwa na maana. Ujuzi huo uko katika kumbukumbu ya mtu mmoja aliyevuka miaka sabini, na haujaandikwa popote. Nao uwanja wenyewe hauna kinga. Pande mbili za nyumba yao tayari zimesimama ghorofa, na mawakala wa viwanja hugonga lango lile la kijani mara kwa mara. Wenyeji hawana nia ya kuuza, lakini watoto wao wanaishi mbali, na mozaiki iliyogandishwa kwenye zege haihamishiki kama fanicha. Ikibanduliwa, kinachobaki ni kifusi.

Nilimweleza mzee mawazo hayo kwa uwazi, na hakuyachukia. Tulikubaliana kwamba kila sehemu ya ukuta ipigwe picha kwa mwanga wa alasiri, igawanywe kwa miraba iliyopewa nambari, na yeye asimulie kila mraba umetoka wapi, sauti yake ikirekodiwa kwa simu na kuandikwa baadaye. Mwalimu mwenzangu anasaidia kuandika, na bibi husahihisha pale mzee anapochanganya nyumba mbili, maana yeye ndiye aliyekuwa akiyapokea magunia na kuyaosha. Tumeanza na ukuta wa mashariki, kwa kuwa ndio wenye vipande vingi vya Ngara. Kama kuna msomaji aliyekulia katika nyumba zile, au mwenye picha za familia zilizopigwa jikoni, barazani au penye ngazi, ambapo sakafu au ukuta unaonekana nyuma ya watu, naomba azitafute na kuziacha hapa chini pamoja na jina la barabara na mwaka. Mzee amesema atazitazama zote, na kama kigae kimo katika bustani atasema kiko mraba gani.