Daftari chini ya kopo la unga: tulivyoanza kuangalia lango la shule

Baada ya waasi wa ADF, kundi lenye silaha lililoanzia Uganda, kuvamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha kule Mpondwe, Kasese, magharibi mwa Uganda, usiku wa tarehe 16 Juni 2023 na kuua wanafunzi zaidi ya 30, mikutano ya wazazi hapa Busia, upande wa Uganda, ilikuwa na hoja moja tu: tuletewe askari wenye bunduki. Shule yetu ni ya msingi, ya kutwa, na hata hela ya uji watu hulipa kwa kusukumwa. Mimi nauza chapati mkabala na lango, nikasimama nikasema usiku watoto wetu wako nyumbani. Saa ya kuogopa hapa ni saa saba mchana.

Darasa la kwanza na la pili hutoka mchana, kaka na dada zao hutoka jioni. Hapo katikati wadogo hubaki nje wakiwasubiri, wakicheza katikati ya trela zinazongoja kuvuka mpaka. Njia za panya nazo ziko karibu. Mtoto anaweza kuwa yuko Kenya kabla sijageuza chapati.

Tukajitolea kuangalia lango mimi, vijana wawili wa bodaboda, fundi cherehani na mzee mmoja mwalimu mstaafu. Mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, alitupitisha na mwalimu mkuu akaandika majina yetu, maana mtu anayekodolea macho watoto wa wenzake bila kujulikana, huyo naye ni wa kuangaliwa. Masharti alitoa mzee: usimkamate mtu, usimpige mtoto picha, usimwite mtu mwizi. Hilo la mwisho alilirudia. Ukilitamka stejini, pale bodaboda zinapongojea abiria, mtu anaweza kuuawa hata hajaulizwa jina.

Daftari linakaa kwangu, chini ya kopo la unga. Unaandika saa, ulichokiona, namba ya pikipiki. Mwanzoni lilijaa "mtu sura mbaya" na "huyu simwamini". Mzee alikuwa akikata kwa kalamu nyekundu. "Mbaya vipi, mama? Kavaa nini? Kasimama wapi?"

Ndipo akatokea mwenye pikipiki isiyo ya steji yetu, anaegesha chini ya mwembe, anaita watoto kwa majina. Vijana walitaka kumzingira. Badala yake nilimpelekea mwalimu wa zamu daftari: siku, saa, namba. Kumbe ni mjomba wa watoto wawili, mama yao kalazwa. Hakuna aliyeguswa, na shule ikaanza kuandika nani anaruhusiwa kumchukua nani. Tulipata pia tundu kwenye ua nyuma ya vyoo, lililopitisha watoto muda mrefu bila mtu kulisema.

Jambo zito lililoandikwa humo halikuhusu mgeni. Fundi aliandika, wiki baada ya wiki, kwamba msichana mmoja wa darasa la sita hataki kwenda nyumbani. Anakaa kibarazani kwa fundi mpaka giza linaingia, akiulizwa anasema anangoja mvua, na mvua hakuna. Hatukumhoji. Mwalimu mlezi wa wasichana ndiye aliyekaa naye, kisha akapiga 116, ile namba ya Sauti ya bure kwa mambo ya watoto, na afisa wa ustawi wa jamii akaja. Kilichokuwa nyumbani kwao hatukuambiwa, na nilipojaribu kudodosa mzee alinikatiza: "Kazi yako imekwisha, mama." Iliniuma kidogo, lakini alikuwa sahihi, mtaa huu siri haikai.

Sasa wadogo wanasubiri ndani, kwenye baraza la darasa la nne, mpaka ndugu zao watoke. Tunachokosa ni mtu wa mchana siku ambazo abiria ni wengi, kwa sababu vijana wa boda hawawezi kuacha riziki, na mimi peke yangu siwezi kuangalia lango na kikaango kwa pamoja. Mwenyekiti ameahidi kutafuta wengine wawili kabla ya muhula kufunguliwa.