Majino ya Mtoto wa Dada Yangu

Ilikuwa Juni, baridi ya Mbeya imekolea, nasi tumekaa jikoni karibu na jiko la mkaa tukimenya viazi, pale mtoto wa dada yangu, mwenye miaka mitatu na nusu, aliposhika shavu na kusema, "Mama, majino yanauma." Dada akamsahihisha kwa upole: "Sema meno, mwanangu." Akaitikia kwa utii kabisa: "Ndiyo mama, majino."

Neno hilo hakulisikia kwa yeyote nyumbani kwetu. Alilitengeneza mwenyewe: ikiwa jina huwa majina na jani huwa majani, basi jino nalo, kwa hesabu yake, ni majino. Mwanasaikolojia B. F. Skinner, katika kitabu chake cha mwaka 1957, aliieleza lugha kuwa tabia inayojengwa na vichocheo na tuzo, lakini mtoto huyu hajawahi kutuzwa kwa majino, na kusahihishwa hakukumtikisa. Mwanaisimu Noam Chomsky aliihakiki hoja hiyo vikali mwaka 1959, na katika kazi zake zilizofuata akashikilia kwamba mtoto huzaliwa na uwezo maalumu wa kuunda sarufi. Mwaka mmoja kabla ya uhakiki huo, mtafiti wa lugha ya watoto Jean Berko alikuwa ameonyesha kwamba watoto wadogo wanaozungumza Kiingereza huweza kuunda wingi wa neno la kubuni ambalo hawajapata kulisikia.

Hata hivyo, siwezi kumwacha nje mama yangu, mzaliwa wa Rungwe, anayezungumza na mjukuu wake kwa Kinyakyusa tangu alipozaliwa. Mtoto akipokea kikombe cha chai kutoka kwa bibi husema "ndaga". Akipokea kutoka kwa mama yake husema "asante", na hakuna aliyemfundisha kutenganisha. Ndiyo maana navutwa zaidi na wanasaikolojia Lev Vygotsky na Jerome Bruner, waliosisitiza kwamba lugha hukua ndani ya maongezi ya mtoto na wakubwa wanaomlea, na vilevile na mwanasaikolojia mwenzao Michael Tomasello, anayeeleza kwamba mtoto huokota ruwaza, yaani mipangilio inayojirudia, kutokana na usemi anaousikia mara kwa mara.

Neno meno lilikuja lenyewe mwezi Agosti, na kwa wiki kadhaa aliyatumia maneno yote mawili. Jumapili iliyopita bibi alimwonyesha jicho la kiazi, mahali panapochipukia. Akakigeuzageuza kiazi kile mkononi, kisha akauliza, "Bibi, majicho yake ni mangapi?"