Remiksi ya dabstepu: tempo, ki na besi isiyopotea

Remiksi nyingi za dabstepu huharibika kabla prodyuza hajaigusa besi. Huharibika kwenye tempo (kasi ya mapigo) na kwenye ki (ngazi ya noti za wimbo).

Tuanze na tempo. Muziki huu ulizaliwa kusini mwa London, hasa Croydon, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na umekaa kwenye BPM 140, yaani mapigo 140 kwa dakika. Ngoma zake lakini hutembea nusu mwendo: kiki pigo la kwanza, sneya pigo la tatu, basi. Utupu unaobaki katikati ndimo besi inamoishi. Ukiujaza haihati (matoazi) na kinanda chote cha wimbo wa awali, hutapata uzito hata ukodi spika za uwanja mzima.

Sasa chukua akapela (sauti ya mwimbaji bila ala) ya Bongo Fleva ya kucheza, tuseme BPM 100. Ukiivuta hadi 140, mwimbaji anakuwa katuni. Ukiishusha hadi 70, maneno yanaburuta na programu inaacha mikwaruzo kwenye kila "s" na "sh". Sauti ya mtu huvumilia mabadiliko ya asilimia 8 hivi, 10 ukibahatika. Hesabu inakuokoa: mapigo 3 ya BPM 105 huchukua muda uleule wa mapigo 4 ya BPM 140, sekunde 1.71. Basi pandisha akapela kutoka 100 hadi 105, ilaze juu ya ngoma za 140, na baa 3 (baa moja ni mapigo 4) za mwimbaji zitaenea kwenye baa 4 zako sawasawa. Atakuwa anaimba kwa tripleti (noti tatu zikigawana sawa nafasi ya mbili au nne), na mvutano huo ni mtamu kuliko kumkimbiza. Tatizo ni kwamba mashairi huandikwa kwa baa 4 au 8, kwa hiyo mstari mmoja utabaki nje. Ukate. Remiksi si lazima ibebe ubeti mzima.

Ki ndiyo inayoamua besi itakaa wapi. Sabufa za klabu hufanya kazi nzuri kati ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 40 na 60. F ya chini iko Hz 43.65, G iko 49, A iko 55. Ndiyo maana besi nyingi za mtindo huu hukaa hapo. Wimbo ukiwa C maina, C ya chini ni Hz 32.7, spika nyingi haziifikii, na C ya juu yake ni Hz 65, inasikika lakini haisukumi kifua. Usihamishe sauti ya mwimbaji kwa ajili hiyo. Jenga besi juu ya F, G na A flati, zote zimo ndani ya C maina, na C yenyewe uipitie kwa muda mfupi tu.

Besi ya chini kabisa ni wimbi la saini (laini, lisilo na ukali), noti moja kwa wakati, mono (chaneli moja). Ataki (muda wa noti kuingia) ya milisekunde 5 na rilizi (muda wa kufifia) ya 60 zinatosha. Wimbi la Hz 44 huchukua milisekunde 23 kukamilika, na ukilikata ghafla katikati utasikia "tk" kila noti inapoisha. Halafu kuna kosa ambalo watu hulitafuta wiki nzima bila kulipata: sintesaiza nyingi huanzisha wimbi popote linapojikuta. Baa hii kiki na besi zinasukumana pamoja, baa inayofuata zinauana, nawe unadhani kompresa (kibana sauti) ndiyo mbovu. Washa kitufe cha kuanzisha wimbi upya kwa kila noti. Tatizo limekwisha.

Ule mngurumo unaotikisika ni treki nyingine kabisa. Tumia wimbi la msumeno, filta ya kuacha sauti za chini zipite, na LFO (wimbi la polepole linaloendesha filta) inayoifungua kwa tripleti, halafu kata kila kilicho chini ya Hz 120 ili kisigombane na saini. Upotoshaji (kuchafua sauti kwa makusudi) weka hapa. Ukiuweka kwenye saini kwa nguvu, uzito unakimbilia juu na chini panabaki patupu.

Kiki ipate nafasi kwa saidicheni: kila kiki inapopiga, besi ishuke desibeli 4 hadi 6, irudi ndani ya milisekunde 100 hivi, ambayo ni karibu robo ya pigo kwenye 140. Ikichelewa zaidi, wimbo unaanza kuhema kama hausi.

Chini ya Hz 120 kila kitu kiwe mono. Prodyuza wa kizazi cha DMZ, lebo ya dabstepu ya London, walijifunza hili kwa lazima, kwa sababu walikuwa wakichongesha sahani zao za santuri kwenye studio ya Transition, London, na besi ya stirio hurusha sindano. Leo sahani ni chache, ila sabufa za klabu nyingi bado zinaunganishwa mono.

Kusikiliza ni balaa lake. Wimbi la Hz 44 lina urefu wa karibu mita 8. Chumba cha mita 3 kwa 3 kitakudanganya tu, na sabufa ya sebuleni nayo huvimbisha sauti za Hz 80 hadi 100. Amini hedifoni na kipimo cha masafa, kisha jaribu kwenye simu. Simu haina kitu chini ya Hz 200. Melodi ya besi ikipotea humo, ongeza upotoshaji mdogo kwenye nakala ya besi ili zisikike Hz 218, 262 na 306. Sikio litajijazia F ya chini iliyokosekana.

Usiminye masta (wimbo uliokamilika) kupita kiasi. Spotify hushusha nyimbo hadi karibu LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) -14, kwa hiyo uliyoipiga hadi -6 itapoteza mdundo na isipate kelele yoyote ya ziada. Acha kilele kwenye desibeli -1.

Ruhusa ni mbili: ya mwenye rekodi na ya mtunzi. DJ mpe WAV (faili lisilobanwa), na mwanzoni baa 16 za ngoma bila sauti. Hiyo ni sekunde 27, zinamtosha kuunganisha.