Klara kitandani, Angelica kitandani

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii tuna siku mbili kubwa zinazofuatana kwa karibu: tarehe 11 Agosti tunamkumbuka Mtakatifu Klara wa Asizi, na tarehe 15 ni Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Mwaka huu siku hizo zimenifanya niwaze habari za televisheni.

Klara aliugua miaka mingi. Usiku wa Noeli ya mwaka 1252 masista wenzake pale monasterini San Damiano waliamka kwenda kusali, yeye akashindwa hata kuinuka. Akamnung'unikia Bwana kwamba ameachwa peke yake. Simulizi za watu waliomfahamu zinasema hapo hapo akaanza kusikia nyimbo za ibada iliyokuwa ikiendelea katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, upande wa pili wa mji, na pango la Noeli akaliona. Mwaka uliofuata akafariki, tarehe 11 Agosti. Karne saba baadaye, mwaka 1958, Papa Pius wa XII akamtangaza kuwa msimamizi wa televisheni. Angeweza kuchagua mhubiri hodari mwenye sauti ya radi. Alichagua mgonjwa aliyekosa Misa.

Basi ikawa kwamba kituo cha televisheni cha Kikatoliki kinachojulikana sana duniani, EWTN, kilianzishwa na binti wa Klara, yaani mtawa wa shirika lake. Mama Angelica, aliyezaliwa Canton, Ohio, mwaka 1923 kwa jina la Rita Rizzo, aliingia kwa Waklara, watawa wanaomfuata Klara, tarehe 15 Agosti 1944. Mwaka 1962 alifungua monasteri Irondale, Alabama, eneo lenye Wakatoliki wachache mno, na kuna wakati masista wake walikaanga karanga na kuziuza ili wapate riziki. Tarehe 15 Agosti 1981 gereji ya monasteri hiyo ikawa studio, matangazo yakaanza kwa muda wa saa 4 tu kwa siku. Matangazo ya biashara hawakuyataka. Mama alikuwa akiwaambia watazamaji wakiweke kituo katikati ya bili ya gesi na bili ya umeme, na watu wakatoa.

Ulimi wake ulikuwa mkali, hilo tusilifiche. Mwaka 1997 alimkosoa Kardinali Mahony wa Los Angeles hewani kuhusu barua yake juu ya Ekaristi, kwa maneno ambayo mimi nisingependa kuyasikia kwa mtawa.

Lakini linalonigusa zaidi ni lile lililofuata. Mkesha wa Noeli wa mwaka 2001, Mama Angelica alipigwa na kiharusi kikali. Mwanamke aliyeishi kwa kuongea akabaki karibu bila maneno, akilala chumbani mwake monasterini Hanceville, huku vipindi vyake vya zamani vikiendelea kurushwa na watu wakiendelea kucheka na kutubu. Alikaa hivyo miaka zaidi ya 14, hadi Jumapili ya Pasaka, tarehe 27 Machi 2016, Bwana alipomwita. Klara alilala mgonjwa usiku wa Noeli, na binti yake akaangushwa na kiharusi mkesha wa Noeli. Sijui niliite nini hilo, ila kila nikilifikiria nanyamaza.

Katika jumuiya yetu yuko mama mmoja ambaye miguu imemkatalia. Jumapili kabla Misa ya televisheni haijaanza lazima afungwe kilemba vizuri na kuvishwa kitenge safi, kwa sababu, anasema, anakwenda kanisani. Mjukuu akipunguza sauti ili apokee simu, anatupiwa jicho moja tu, simu inakatwa. Padre akiinua Hostia, mama anainamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua. Kisha inafika Komunyo. Kamera inaonyesha waamini wamepanga mstari, nyimbo zinaimbwa, na yeye anasali sala ya Komunyo ya kiroho, ile ya kumkaribisha Yesu moyoni mtu asipoweza kumpokea katika Hostia, macho yamefumbwa. Padre wa kwenye kioo hawezi kunyoosha mkono akamfikia.

Hapo ndipo dishi na king'amuzi vinapoishia. Neno linafika hadi kitandani, na ni jambo kubwa kweli. Mwili wa Kristo unabebwa na mtu mwenye miguu. (Wewe mzima unayebaki kwenye kochi Jumapili na kikombe cha chai, una mazungumzo mengine na paroko wako.) Mtume Yakobo anasema: "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? na awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee, na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana" (Yak 5:14). Ni vigumu kutii andiko hilo kwa rimoti.

Hofu yangu ni kwamba tumeanza kujifariji: "Bibi hana shida, ana televisheni yake." Tukishasema hivyo hatumtembelei tena, wala jina lake hatulipeleki. Padre hana njia ya kujua nani amelala ndani kama sisi majirani hatujasema. Parokia nyingi wagonjwa hupelekewa Komunyo Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na majina hutoka kwenye jumuiya. Wiki hii, kabla ya sherehe ya tarehe 15, mwulize kiongozi wa jumuiya yako akuonyeshe orodha. Ukikuta jirani yako hayumo, mwandikishe siku hiyo hiyo, na padre akija uwe umefika mapema, umetandika kitambaa cheupe mezani na kuwasha mshumaa.