Geti Haliamkii Mtu

Mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya usanifu majengo, nilipanda bajaji kutoka Mtwara mjini kwenda Mikindani, kilomita kama kumi hivi, mkobani nina tepu ya kupimia na madodoso ishirini. Kichwani nilikuwa na Roger Ulrich. Mmarekani huyu alichapisha utafiti wake mwaka 1984. Alipitia majalada ya wagonjwa waliotolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania: 23 dirisha lao lilitazama miti, 23 wengine lilitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka wodini mapema kidogo, na dawa kali za maumivu walizitumia kwa uchache. Makala ile niliisoma mpaka karatasi zikalegea. Basi nikaenda Mikindani kupima madirisha.

Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari limeshikwa na boriti za mikoko. Ukuta mnene, nikiingiza mkono dirishani unazama hadi kiwiko. Madirisha yenyewe madogo, ndani kiza. Moyoni nikaipa alama ya chini kabla sijafungua mkoba. Wanafunzi ndivyo tulivyo, jibu tunakuja nalo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Nikamwomba tuingie ndani, maana dodoso lilitakiwa kujazwa chumbani. Akagoma. "Huko nalala tu. Maneno ni hapa," akapiga baraza kwa kiganja.

Swali la kwanza: kuanzia 1 hadi 5, unajisikia utulivu kiasi gani ndani ya nyumba yako? Kabla hajajibu akapita mzee na baiskeli, samaki wananing'inia kwenye usukani. Salamu, habari za nyumbani, mtoto homa imeshuka? Nikarudia swali. Akapita mama na ndoo kichwani. Wakapita watoto wa madrasa, kila mmoja na shikamoo yake, na kila mmoja akaitikiwa. Nikaanza kuhesabu salamu kwa vijiti pembeni mwa karatasi. Ya kumi na tisa nikaacha.

Habari ya nyumba nyingine aliianza mwenyewe. Mwanawe alimjengea mjini.

"Vigae, feni, choo cha ndani, sina la kuilaumu. Na madirisha makubwa, ya vioo. Umelala kitandani unaona nje."

"Unaona nini, bibi?"

"Fensi."

Alikaa huko miezi mitatu. Usingizi ukapotea, chakula hakipiti, akapelekwa hospitali, vipimo havikuonyesha kitu. "Asubuhi geti, jioni geti. Na geti haliamkii mtu." Akamwambia mwanawe amrudishe, na mwanawe, kwa shingo upande, akamrudisha.

Nikawakumbuka wale 23 wa ukuta wa matofali. Bibi alikuwa amelala upande wao, kwenye nyumba ambayo mimi ningeipa tano bila kusita. Ila kilichomponya hakikuwa miti, wala hakikuwa dirishani. Na katika maswali yangu yote, yaliyopitiwa na kusahihishwa mara tatu, baraza halikutajwa hata mara moja.

Nikatoa tepu, angalau nifanye kitu. Kimo cha baraza: sentimita 46.

"Hiyo ya nini?"

"Napima pa kukaa, bibi."

"Pima na upana basi. Mchana huwa najinyoosha hapa."

Nikapima na upana.

Jua lilipoanza kushuka nikaaga. Akasema siondoki mikono mitupu, akatoka na sinia la korosho alizozikaanga mwenyewe, akatafuta kitu cha kufungia, hakukipata. Dodoso lilikuwa pale barazani, swali la kwanza bado halijajibiwa. Akalichukua, akalisokota koni, akanijazia mpaka juu.

Nilizila zote kwenye bajaji. Nilipoikunjua karatasi, mafuta yalikuwa yameloa kuanzia 1 hadi 5, na vile vijiti kumi na tisa vinasomeka vizuri tu.