Bawa la Jock Scott

Ilikuwa Januari, msimu wa kuvua samoni kwenye mto Spey, Uskoti, ulikuwa bado haujafunguliwa, na theluji ilikuwa imefunga barabara. Mzee niliyekuwa nikimhudumia alinikalisha mbele ya jiliwa lake, akasogeza taa. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. "Leo utafunga wewe," akasema. "Mimi nitatazama."

Alitaka nifunge Jock Scott, flai ya samoni, yaani chambo bandia cha manyoya na nyuzi kinachofungwa juu ya ndoano. Inasimuliwa kwamba flai hiyo ilibuniwa katikati ya karne ya 19 na mtumishi wa Lord John Scott, aliyeitwa Jock Scott, wakiwa merikebuni kwenda Norwe kuvua. Enzi hizo meli zilishusha Uingereza manyoya kutoka pande zote za dunia, na mafundi waliyatumia bila kubana. Ajabu ni kwamba samoni akishaingia mtoni kwenda kuzaa, hali tena. Rangi zote zile zilipangwa kwa ajili ya macho ya binadamu, na kwangu mimi hiyo ni sababu tosha.

Uzi na ndoano nilivijua tangu utotoni. Shangazi yangu alifunga flai za trauti Nairobi kwa miaka mingi, katika karakana iliyouza nje, akilipwa kwa dazeni. Likizo za shule nilikaa ubavuni pake nikimchambulia manyoya ya shingo ya jogoo. Wavuvi wengi wa Ulaya na Marekani wana flai zilizofungwa na mikono ya Wakenya, na sidhani kama huwa wanalifikiria hilo. Lakini ile ya shangazi ilimalizika kwa dakika chache. Hii ilikula siku nzima.

Tulianza na ndoano isiyo na tundu. Tundu hutengenezwa kwa uzi mgumu unaovutwa kutoka tezi za kiwavi wa hariri, unaolowekwa mpaka ulainike, kisha hukunjwa kitanzi na kufungwa kwenye shina. Ukafuata mwili: nusu ya nyuma hariri ya manjano, nusu ya mbele nyeusi, na baina yake pete ya unyoya wa mbuni. Hapo katikati fundi wa zamani angeweka vinyoya vya ndege aitwaye tukani. Mzee aliweka vya ndege wa kufugwa, alivyovitia rangi mwenyewe jikoni, na nilimheshimu kwa hilo. Mwaka 2009 kijana mmoja, mwanafunzi wa muziki, aliingia usiku katika jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, akaiba ngozi za ndege 299 kwa sababu ya manyoya ya flai kama hizi. Hakuna flai inayostahili hasara ile. Kooni mwa flai, hata hivyo, hatukuhitaji kubadilisha kitu. Kanuni ya zamani yenyewe inataka kanga, na manyoya yale ya madoadoa nilikuwa nimeyaokota mara nyingi uani kwetu.

Kisha bawa. Kila uzi wa unyoya una vikulabu vidogo sana vinavyoushika uzi wa jirani. Ukikata ukanda mwembamba wa manjano, ukaulaza juu ya mwekundu, ukapapasa taratibu kuelekea nchani, vikulabu hunasana, na manyoya ya ndege wawili huwa ukanda mmoja. Tukaongeza buluu, tausi, fezanti wa dhahabu, na bata mzinga mwenye madoa mahali pa tandawala. Bawa la kushoto hujengwa kwa manyoya ya upande wa kushoto, la kulia kwa ya kulia. Ukichanganya, hayashikani hata ukeshe. Niliyainua kwenye mwanga, nikaona mistari yote imelala sambamba, na sikutaka kuyaweka chini.

Kulifunga bawa ndiyo hatari yenyewe, maana uzi ukivutwa kwa pembeni hulipasua. Shangazi alikuwa akisema: bana kwanza, vuta baadaye. Nikabana kwa kidole gumba na cha shahada, nikazungusha uzi ukiwa umelegea, kisha nikauvuta wima. Bawa likakaa. Mzee aliivaa miwani yake, akaitazama flai juu na chini, akaniambia nimalizie kichwa kabla giza halijaingia.

Usiku nilimtumia shangazi picha. Hakuuliza habari za samaki. Aliuliza, "Hizo rangi umezishikisha kwa gundi?" Nilipomweleza, akanyamaza kidogo, akasema, "Kanga ninao. Nitumie hivyo vingine."

Mzee mwenyewe ndiye aliyefungasha bahasha: ndoano, hariri ya rangi mbili, na manyoya ya bata bukini ya manjano, mekundu na ya buluu, kila jozi katika karatasi yake. Na kwa mwandiko wake wa kutetemeka akaandika juu ya kila karatasi upi ni wa kushoto na upi ni wa kulia.